Mboga Ziotazo Ndani ya Nyumba Bila ya Jua wala Udongo



Katika kikao cha Kamati kilichopita ilisomwa barua ya mfanyabiashara mmoja atakaye kukiuzia Chama chetu kontena lenye rafu, taa na mabomba. Kwa maneno yake, kontena hilo litatoa majani ya saladi kila wiki ya mwaka, masika na kiangazi, bila ya jembe, bila ya dawa ya wadudu, na bila ya mtu kutazama mbingu. Saladi hizo, asema, tutawauzia wenye mahoteli. Bei anayoitaka inakaribia kumaliza akiba yetu yote. Wajumbe wengine walivutika, wengine wakacheka, na mzee wetu mmoja akauliza kama mboga isiyoonja jua ni halali kuliwa. Kamati ikaniagiza niyaeleze mambo haya katika gazeti letu kabla ya Mkutano Mkuu, ili kila mwanachama aje na rai yake mwenyewe, asipige kura kwa kutazama mkono wa jirani umeinuka au haukuinuka.

Suala la yule mzee nimelipeleka kwa maalim, naye amejibu kwamba mboga ni mboga. Yaliyobaki ni haya yafuatayo.

Kwanza tujue kwamba nyumba hizi zipo kweli, na zinatoa mboga kweli. Mwenye kudhani ni hadithi za kubuni hatatusaidia katika shauri hili, wala hatatusaidia yule adhaniye ni muujiza.

Tuanze na udongo. Tumezoea kusema kwamba mmea hula udongo, lakini sivyo. Udongo ni kitanda cha mizizi na ghala ya maji na madini. Mmea hunywa maji pamoja na madini yaliyoyeyuka ndani yake, na sehemu kubwa ya mwili wake mkavu huijenga kwa hewa ya ukaa iliyomo katika upepo, kwa nguvu ya nuru. Katika miaka ya 1860 mtaalamu wa Kijerumani, Julius von Sachs, aliotesha mimea katika maji yaliyotiwa chumvi chache za madini, pasi na udongo wowote. Katika miaka ya 1930 Bwana William Gericke wa Chuo Kikuu cha California alilima tungule katika mahodhi ya maji, zikapanda juu hata mchumaji akahitaji ngazi kama achumaye karafuu. Na mwaka 1945 jeshi la Marekani, lililokuwa na askari wake katika kisiwa cha Ascension katikati ya bahari ya Atlantiki, liliwalimia mboga katika mahodhi ya changarawe yaliyopitishwa maji yenye madini, kwa kuwa ardhi ya kisiwa kile ni mawe na majivu ya volkano. Kwa hivyo kulima bila ya udongo ni elimu ya zamani, tena si elimu ngumu. Mtu akitwambia kwamba hana haja ya udongo, tumwambie ahsante, aendelee.

Kilichokuwa kigumu ni kulima bila ya jua. Taa za umeme za zamani zilitoa joto jingi kuliko nuru. Ukiiweka taa karibu na jani, jani huungua, na ukiiweka mbali, nuru haifiki. Jani lapenda zaidi nuru nyekundu na nuru ya buluu. Taa ndogo za LED za rangi nyekundu zilikuwako tangu miaka ya 1960, lakini taa kali ya buluu haikupatikana mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1990, kwa kazi ya Wajapani watatu, Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, ambao kwa ajili yake walipewa tuzo ya Nobel ya mwaka 2014. Taa hizi hazina moto mkali mbele yake. Zaweza kuwekwa shubiri moja au mbili juu ya jani. Ndipo ilipowezekana kupanga mimea rafu juu ya rafu, kama mtu apangavyo vitabu kabatini, na kila rafu ikawa na jua lake.

Mfano ulioijulisha dunia habari hii ni kiwanda cha Tagajo, katika jimbo la Miyagi, Japani. Jimbo lile lilipigwa na tetemeko la ardhi na mawimbi ya tsunami mwezi wa Machi 2011. Jengo lilikuwa kiwanda cha kampuni ya Sony. Bwana Shigeharu Shimamura na kampuni yake ya Mirai walitia humo rafu zenye daraja 15 na taa za LED 17,500, na mwaka 2014 wakatangaza kwamba wanavuna mashina 10,000 ya saladi kwa siku. Eneo lake lilikuwa mita za mraba 2,300 hivi, nalo ni nusu eka na kidogo. Nani miongoni mwetu mwenye nusu eka aliyepata kuvuna mashina elfu kumi ya kitu chochote kwa siku moja?

Hebu tuone kazi ya ndani ya nyumba kama hizo. Mfanyakazi haingii na viatu vyake vya njiani. Huvaa nguo safi za kazi, hufunika nywele na mdomo, na aghlabu hupita katika chumba kidogo cha upepo mkali umpeperushao vumbi na wadudu. Kuta zimezibwa, hazina madirisha. Mbegu huwekwa katika vipande vidogo vya sponji iliyolowa, na siku mbili tatu baadaye huwa imekwisha kuota. Mche ukifika wiki mbili hivi huhamishiwa rafu yenye nafasi kubwa zaidi, na mizizi yake huning'inia katika maji membamba yapitayo chini yake wakati wote. Maji hayo yametiwa naitrojeni, fosforasi, potasiamu, madini ya chokaa, magnesiamu, chuma na vinginevyo kwa vipimo, na uchungu wake hupimwa kila mara, kwani yakiwa makali au mapoozu mmea hushindwa kuyanywa. Taa huwaka kwa saa 16 hivi, kisha huzimwa ili mmea upate usiku wake. Hewa huwa ya nyuzi 20 na kidogo. Hata hewa ya ukaa huongezwa: nje ya nyumba, katika kila sehemu milioni moja za hewa, yake ni 420 na zaidi, ndani hufanywa karibu 1,000, kwa kuwa mmea wenye nuru nyingi huwa na njaa ya hewa hiyo. Kwa siku 35 au 40 tangu mbegu, saladi huwa tayari kukatwa.

Jambo linalonipendeza zaidi katika nyumba hizi ni maji. Mmea hunywa maji mengi na kuyatoa tena kwa majani yake, kama jasho. Shambani jasho hilo huchukuliwa na upepo likapotea. Katika nyumba iliyozibwa, mashine ya kupozea hewa hulifanya jasho lile liwe matone, likakusanywa na kurudishwa hodhini. Ndiyo sababu wenye viwanda husema kwamba hutumia maji pungufu kwa asilimia 95 kuliko shamba, na katika hili hawasemi uongo.

Lakini msidhani kwamba nyumba iliyozibwa haina maradhi wala taabu. Ugonjwa wa kuoza mizizi ukiingia katika maji, maji yale yale huzungukia mimea yote, na kwa siku chache rafu nzima huwa imeambukizwa. Wadudu wadogo nao hupenya, na wakipenya hawamkuti adui wao hata mmoja. Tena kuna taabu moja ya ajabu: saladi hukua vizuri, lakini ncha za majani yake machanga ya ndani huungua na kuwa nyeusi, na hoteli haiyataki. Sababu yake si joto wala upungufu wa madini hodhini. Madini ya chokaa hupanda mmeani pamoja na maji, na maji hupanda pale tu ambapo jani linatoa jasho. Majani ya ndani yaliyokunjana hayapati upepo, kwa hivyo hayatoi jasho, kwa hivyo chokaa haiyafikii, yakafa ncha zake. Dawa yake ni kuweka feni zielekeazo chini, katikati ya kila shina. Basi ule upepo wa kaskazi na kusi ambao sisi hatuuhesabu kuwa ni pembejeo, wenzetu wanaununua.

Na hapa ndipo penye shauri lenyewe. Kila kitu ambacho shambani hutolewa bure na Mwenyezi Mungu, katika nyumba hizi hununuliwa. Upepo ni rahisi. Maji ni machache. Madini ni ya bei ya kadiri. Kitu ghali ni nuru, na ghali yake haiponi kwa werevu wa mtu yeyote.

Jua la visiwani kwetu huiletea kila mita moja ya mraba ya ardhi nguvu ya kiasi cha uniti tano kwa siku. Nasema uniti, zile zile tuzitiazo katika mita ya umeme. Si nguvu yote hiyo ifaayo kwa jani, karibu nusu yake ni ya kufaa. Lakini hatujaletewa bili yake hata siku moja. Taa za rafu ya saladi hutaka uniti moja na zaidi kwa mita moja ya mraba kila siku. Kisha umeme wote ulioingia katika taa huishia kuwa joto, na joto hilo lazima litolewe nje kwa mashine ya kupozea, ambayo nayo hula umeme. Tia na pampu na feni. Kiwanda kiendeshwacho kwa ustadi hula uniti 7 hadi 10 kwa kila kilo moja ya saladi. Wengi hawaufikii ustadi huo. Katika uchunguzi wa mwaka 2021 uliowauliza wakulima wa namna hii wa nchi mbalimbali, wastani wa nyumba zenye rafu na taa ulikuwa uniti 38.8 kwa kilo moja ya mazao. Na wa nyumba za vioo, ambazo huliacha jua liingie, ulikuwa 5.4.

Kila mwanachama achukue risiti yake ya umeme, aone uniti moja kainunua kwa shilingi ngapi, azidishe kwa kumi. Hiyo ni gharama ya umeme peke yake katika kilo moja ya majani, ikiwa fundi wetu atakuwa hodari kama wa Japani tangu siku ya kwanza. Bado mbegu, bado madini, bado mshahara, bado deni la kontena lenyewe.

Ghali hii ya nuru ndiyo iliyowaangusha wakubwa. Kampuni ya Mirai niliyoitaja, ambayo picha zake zilizunguka dunia nzima mwaka 2014, iliomba hifadhi ya mahakama dhidi ya waliokuwa wakiidai mwezi wa Juni 2015. Kampuni ya Infarm ya Berlin ilipanda sana, kisha bei ya umeme ya Ulaya ikaruka mwaka 2022 baada ya vita vya Ukraine kuanza, na mwezi wa Novemba mwaka huo huo ikawaondoa nusu ya wafanyakazi wake. Huko Marekani, AeroFarms, iliyokuwa imefungua kiwanda kikubwa katika mji wa Newark mwaka 2016, ilikwenda mahakamani mwezi wa Juni 2023 kwa sababu ya madeni. Bowery ya New York ilifunga milango Novemba 2024. Plenty ya California, iliyokuwa imekusanya mtaji unaokaribia dola bilioni moja, ilikwenda mahakamani Machi 2025. Hawa hawakuwa wajinga. Walikuwa na wahandisi, kompyuta na fedha ambazo hata tukiuza karafuu zetu zote za msimu mwema hatutazifikia.

Wapo waliosimama, na tusiwanyime haki yao. Kampuni ya Spread ya Kyoto ilianza mwaka 2007 katika mji wa Kameoka, ikapata hasara mwaka baada ya mwaka, na haikuona faida mpaka 2013. Mwaka 2018 ikafungua kiwanda cha pili chenye mashine zifanyazo sehemu kubwa ya kazi, cha mashina 30,000 kwa siku. Siri yao ilikuwa subira, na miji mikubwa iliyo karibu yenye watu walio tayari kulipa zaidi kwa saladi isiyohitaji kuoshwa. Na ndugu zetu walioko Dubai wanakijua kiwanda cha Bustanica, kilichofunguliwa mwezi wa Julai 2022 karibu na uwanja wa ndege wa Al Maktoum. Ukubwa wake ni mita za mraba 30,000 na zaidi, na kilikusudiwa kutoa zaidi ya kilo milioni moja za majani kwa mwaka. Aliyesafiri na ndege za Emirates kutoka Dubai huenda amekwisha kuyala bila ya kujua. Huko wana sababu: jangwa halina udongo wa kulimika, maji matamu hutengenezwa kwa kuchujwa maji ya bahari, na majani mengi yangeletwa kwa ndege kutoka mbali. Tena jamaa wa shirika la ndege ndio wenye kiwanda na ndio wenye kununua. Mkulima ambaye mnunuzi wake ni yeye mwenyewe halali macho usiku akifikiri bei.

Mwanachama mmoja kaniuliza: mbona katika nyumba zote hizi hulimwa majani tu, hatusikii mpunga wala muhogo? Suala zuri. Saladi ni maji matupu. Katika kilo moja, gramu 950 ni maji na 50 tu ndizo mwili mkavu uliojengwa kwa nuru. Mwenye kuuza saladi anauza maji yaliyotiwa rangi ya kijani, na maji ni rahisi. Mchele ni mkavu, na nusu ya mmea wa mpunga ni mabua yasiyolika. Kwa hesabu niliyoifanya hapa afisini, ikiwa kilo ya saladi ni uniti 10, basi kilo moja ya mpunga itataka uniti 300 na kitu. Wataalamu walikwisha kuliangalia jambo hili kwa ngano mwaka 2020. Waliona kwamba nyumba yenye daraja kumi yaweza, kwa hesabu za kompyuta, kutoa tani 700 za ngano kwa hekta kwa mwaka, ilhali wastani wa dunia ni tani 3.2; na wakakiri katika karatasi ile ile kwamba kwa bei ya nuru na ya ngano zilivyo, biashara hiyo haiwezekani. Nyumba hizi hazitailisha dunia iliyo na njaa. Zitawapa kachumbari watu walioshiba.

Na karafuu je? Nimesikia hofu hii barazani, kwamba ikiwa saladi inalimwa kiwandani, kesho watalima mikarafuu huko huko Singapore na Bombay, nasi tubaki na majamvi yetu. Katika hilo mlale usingizi. Mkarafuu hukaa miaka sita au saba kabla ya kuzaa cha kuhesabika, nao hurefuka kuliko nyumba ya ghorofa mbili. Hakuna mtu atakayeulipia mti umeme miaka saba kabla ya kuona pishi moja. Hatari ya viwanda kwetu ilipata kuja kwa mlango mwingine, na wazee waliiona. Harufu ya vanila itiwayo katika biskuti na aiskrimu ilikuwa zamani ikigeuzwa kwa wingi kutoka katika mafuta ya karafuu na makonyo. Kuanzia miaka ya 1930 wenye viwanda vya karatasi Amerika ya Kaskazini wakajua kuitoa katika mabaki ya miti yao waliyokuwa wakiyatupa mtoni, na soko lile la mafuta yetu likafifia. Hawakuotesha mkarafuu hata mmoja. Kwa hivyo anayetaka kukesha akilinda karafuu, asiiangalie nyumba yenye taa. Amwangalie yule apataye kitu kile kile katika takataka.

Turudi kwenye kontena. Barua inasema kwamba mahoteli ya Nungwi, Kiwengwa na Paje hununua saladi nyingi zitokazo bara, nayo ni kweli. Zinatoka Lushoto na sehemu nyingine za baridi, zikapita barabara na bahari, na zikifika nyingi zimenyauka. Hapo nakubaliana na mwandishi wa barua kwamba kuna nafasi. Lakini mshindani wetu atakuwa mkulima wa Lushoto, ambaye ubaridi wake ni wa bure na jua lake ni la bure; naye anaweza kupoteza nusu ya mzigo wake njiani na bado akauza kwa bei chini ya ile tutakayoweza sisi wenye kununua nuru na ubaridi kwa uniti. Na sisi, tukumbuke, tuko Pemba. Saladi yetu nayo itapanda chombo kwenda Unguja.

Kisha kuna umeme wenyewe kukatika. Unguja ilikaa gizani kiasi cha mwezi mzima mwaka 2008, tangu mwezi wa Mei, na tena tangu Desemba 2009 hata Machi 2010, miezi mitatu. Sisi waya wetu wa chini ya bahari kutoka Tanga tuliupata mwaka huo huo wa 2010. Tunaushukuru sana, lakini ni waya. Katika maji membamba mizizi haina akiba. Pampu ikisimama, mimea hunyauka kwa saa chache, na kontena la bati lililofungwa juani bila ya mashine ya kupozea huwa tanuri. Shamba likikosa mvua wiki mbili hunung'unika; kontena likikosa umeme mchana mmoja tu wa kiangazi, hufa lote. Jenereta la akiba halikutajwa katika bei. Wala fundi, wala vipuri, wala kutu ya hewa yetu ya chumvi, ambayo hata bawaba za milango haiziachi.

Kwa hivyo rai yangu, nami ni mwanachama kama nyinyi na kura yangu ni moja, ni kwamba tusilinunue. Lakini sitaki tukatae kontena tukakataa na elimu iliyomo ndani yake, kwa sababu robo tatu ya elimu hiyo haihitaji taa. Saladi hushindwa kwetu kwa sababu joto likizidi hukimbilia kutoa maua na majani yake yakawa machungu. Wavu mweusi wa kivuli juu ya nguzo hupunguza jua la mchana. Wavu mwembamba wa pembeni huzuia wadudu na kuupitisha upepo, upepo ule wa bure wenye kuponya ncha za majani. Mabomba yenye maji yazungukayo yaweza kuinamishwa yashuke yenyewe kutoka pipa la juu, na pampu ndogo ya nguvu ya jua ikayarudisha. Pampu ikiharibika, mtu mwenye ndoo anaweza kuokoa kazi mpaka jioni. Nanaa, kotmiri na mrehani zitakubali hapo hata pale saladi itakapotushinda katika miezi ya joto kali, na mahoteli huzitaka pia.

Na nyumba hiyo ya wavu ina faida ya pili, ambayo kwangu ndiyo kubwa. Mbegu ya karafuu haihimili kukaa. Ikikauka huwa imekufa, na mche wake mchanga hutaka kivuli na maji ya kadiri kwa muda mrefu kabla ya kwenda shambani. Kila mmoja wetu amepata kuchukua miche, akaipanda, na baada ya kiangazi kimoja akahesabu iliyosimama kwa vidole. Kivuli kile kile, maji yale yale ya vipimo, na mtu yule yule wa kuangalia, vyaweza kulea saladi upande mmoja na miche ya mikarafuu upande wa pili. Saladi zikalipa mshahara wa mwangalizi kila mwezi, wakati miche inangoja masika. Bei ya wavu, nguzo, mapipa na pampu moja kwa robo eka nimeiuliza mjini kwa wauzaji wawili, na nimeiandika katika karatasi pembeni mwa bei ya kontena.

Barua ya mfanyabiashara na karatasi hiyo ya hesabu ziko afisini kwa kila mwanachama atakaye kuzisoma kabla ya Mkutano Mkuu. Atakayekuja na aje na risiti yake ya umeme, na wale waliopata kulima saladi au kabichi hapa kisiwani waje na habari zake, mwezi waliopanda na mwezi zilipoharibika, kwani hizo sikuzipata katika kitabu chochote.

Wenu,
Katibu wa Chama